Namna ya Kuuliza Katika Google, na Hatari ya Mafaili Yaliyoachwa Wazi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Katika gazeti letu la muhula uliopita mwenzetu mmoja alituandikia habari za ufugaji wa nyuki, nasi tukafaidika. Mimi sina mzinga, lakini ninayo habari ya chombo ambacho kila mmoja wetu hukitumia aingiapo chumba cha kompyuta, wala wengi wetu hatujui kukitumia sawasawa. Chombo hicho ni Google. Nataka kuwaonyesha namna ya kuuliza swali hata upate jibu lenyewe, na tena kwamba namna hiyo hiyo ya kuuliza yaweza kufunua mambo ambayo mwenyewe hakukusudia yaonekane. Jambo hili la pili lilimpata mama yangu, na kwa ajili yake nikajifunza lile la kwanza.

Mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, mama alikuwa sokoni Mwika akiuza ndizi. Simu yake ikalia. Mtu akamwamkia kwa adabu, "Shikamoo mama," akajitambulisha kuwa ni mwalimu wa zamu wa shule yetu. Akataja majina yangu yote matatu, kidato changu na kijiji chetu. Akasema kwamba nimeanguka katika ngazi za bweni, nimepelekwa hospitali, kichwa kimevimba, na daktari anataka fedha za kipimo kabla ya saa nane. Baadaye mama aliniambia, "Mwanangu, angetaja jina lako moja ningemshuku. Aliyataja yote matatu." Basi akatuma shilingi 85,000, yaani fedha za mikungu ya siku ile pamoja na nyingine alizokopeshwa na jirani yake wa gengeni. Mtu yule akapokea, akashukuru, akazima simu.

Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo mama hakuwa na njia ya kuniuliza mimi mwenyewe. Jioni ndipo alipopata namba ya shule kwa mzazi mwenzake. Mwalimu wa zamu, yule wa kweli, akaja kuniita katika masomo ya usiku, nami nikatoka mzima kabisa, kalamu mkononi. Mama aliposikia sauti yangu alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kila mtu nchini aujua ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ujumbe huo hutumwa ovyo kwa watu maelfu, kama mtoto atupaye mawe mwembeni bila kulenga. Lakini jiwe hili lilikuwa limelengwa embe moja tu. Huyu mtu alijuaje majina yangu matatu, na alijuaje kwamba namba ile ni ya mama yangu?

Nilimweleza habari hii mwalimu wetu wa kompyuta. Akasema, "Tutafute kwanza kama namba ya mama yako imeandikwa mahali." Nikaketi mbele ya mashine, nikaiandika namba. Yakaja majibu mengi yasiyo na maana, matangazo ya viwanja, bei za mabati, hata namba za simu za nchi nyingine. Mwalimu akanitazama akasema, "Wewe hujui kuuliza." Tangu siku ile nikaanza kujifunza.

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiuliza neno, Google hukimbia duniani kote wakati ule ule kulitafuta. Sivyo. Kampuni ya Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, inazo programu zinazozunguka katika intaneti usiku na mchana. Programu hizo hufungua ukurasa, husoma maneno yake, hufuata kila kiungo kilichomo mpaka ukurasa mwingine, na huyaweka maneno yote katika faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu chetu cha Biolojia, ila hii ni kubwa kupita kiasi. Ukiuliza, unatafutiwa katika faharasa hiyo. Lishike neno hili, maana tutalihitaji mbele: Google haikuonyeshi intaneti kama ilivyo sasa, hukuonyesha kile ilichokisoma ilipopita mara ya mwisho.

Sasa ukifika soko la Memorial hapa Moshi ukasema tu, "Nataka shati," muuzaji atakuonyesha rundo zima. Lakini ukimwambia nataka shati jeupe, la mikono mirefu, la shule wala si la harusi, na liwe la meza ile pale, atalitoa mara moja. Google nayo ina namna yake ya kuambiwa maneno kama hayo. Ziko alama na maneno mafupi ya amri ambayo hayatafutwi, bali huiambia mashine itafute vipi.

Ya kwanza na yenye faida kuliko zote ni alama za kunukuu. Ukiyafunga maneno ndani ya alama hizo, unaiambia mashine, "Nataka maneno haya haya, kwa mpango huu huu, usinisahihishe." Nitawapa mfano wangu. Tulipewa kazi ya Jiografia juu ya mifongo, yaani ile mifereji ya asili ambayo Wachaga waliichimba tangu zamani kuteremsha maji ya vijito vya Kilimanjaro mpaka katika vihamba. Nikaandika mfongo. Google ikadhani nimekosea tahajia, ikaniletea "mofongo", nacho ni chakula cha Puerto Rico, ndizi za kukaangwa zilizopondwa kwa kitunguu saumu. Nilisoma dakika kumi nzima juu ya ndizi za watu kabla sijakumbuka kwamba natafuta maji. (Mama aliposikia habari hiyo alicheka sana, akasema basi hata huko wako Wachaga.) Nilipoandika "mfongo" ndani ya alama za kunukuu, na mbele yake Kilimanjaro, ndipo nilipopata makala za mifereji.

Ya pili ni alama ya kutoa. Neno Kilimanjaro lina taabu kubwa. Ni mlima, ni mkoa, ni uwanja wa ndege, ni bia, ni maji ya chupa, tena ni timu ya mpira. Ukiandika Kilimanjaro kahawa -safari -hotel, unaziondoa kurasa zote zenye maneno mawili yale ya mwisho. Alama ya kutoa sharti ishikane na neno lake, isiachwe nafasi kati. Ukiacha nafasi, amri haifanyi kazi, nawe utalaumu mashine bure.

Ya tatu ni neno site na nukta mbili. Hili huiambia mashine itafute katika tovuti moja tu, au katika jamii moja ya tovuti. Anwani za serikali yetu huishia na go.tz, za vyuo ac.tz. Kwa hiyo ukitaka habari za kahawa kutoka serikalini tu, andika kahawa site:go.tz, wala hutaletewa wauzaji. Ukitaka habari za Baraza la Mitihani peke yake, andika site:necta.go.tz kisha jambo unalolitaka. Mimi hulitumia neno hili karibu kila siku. Limeniokoa na porojo nyingi zinazojidai kuwa ni matangazo ya mitihani.

Ya nne ni filetype, inayochagua aina ya faili. Ukiandika filetype:pdf utapata vitabu na taarifa zilizo tayari kuchapwa; ukiandika xlsx badala ya pdf utapata majedwali ya hesabu. Zaidi ya hizo iko intitle, inayotafuta neno katika kichwa cha ukurasa; na before na after, zinazochagua kwa mwaka. Neno OR likiandikwa kwa herufi kubwa maana yake ni "au". Sitakaa juu ya hizi, maana mtu akizijua zile nne za kwanza, hizi atazizoea kwa saa moja. Jambo zuri ni kwamba amri hizi zaweza kuunganishwa katika swali moja, nalo swali likawa jembamba kama sindano.

Basi turudi kwenye namba ya mama. Mwalimu aliniambia niifunge katika alama za kunukuu. Nikaiandika kama tunavyoiandika nyumbani, ikianza na sifuri. Hakuna. Akasema, "Mashine haijui kwamba sifuri na 255 ni kitu kimoja." Nikaiandika ikianza na 255. Likaja jibu moja tu.

Lilikuwa faili la jedwali. Kilikuwapo kituo kimoja nilichokwenda kusoma masomo ya likizo nilipokuwa kidato cha pili. Sitakitaja jina, wala si kitu kwa habari yetu. Karani wao alikuwa ameandika orodha ya wanafunzi wote wa likizo ile, 212, na kila mstari ulikuwa na majina matatu ya mwanafunzi, shule yake, kidato chake, kijiji, jina la mzazi na namba ya simu. Akaliweka faili katika tovuti ya kituo, ili yeye na walimu wenzake walipate kwa urahisi popote walipo. Halikuwa na nywila. Tulilifungua kwa kubofya mara moja, kama mtu afunguavyo gazeti.

Hapa nakiri jambo. Mwalimu alipokuwa akiutafuta mstari wangu, macho yangu yaliteremka katika majina ya wengine. Niliona majina ya wenzangu watano wa hapa hapa shuleni. Nikaanza kusoma namba ya baba wa mmoja wao. Mwalimu akalifunga faili, akasema, "Tumeona tulichokuja kuona." Nilichukia kidogo wakati ule, nikaona kama ananinyima. Usiku kitandani ndipo nilipofikiri kwamba yule mtu wa simu labda naye alianza hivyo hivyo, kwa kutazama tu.

Nasema labda, maana hatuwezi kuthibitisha kwamba alizipata habari zetu katika faili lile. Huenda alipewa na mtu, huenda aliona karatasi mahali. Lakini kila alichokisema kwa mama kilikuwamo katika mstari ule, wala hakusema kitu kimoja kisichokuwamo. Hata kidato alikitaja cha mwaka uliotangulia, nalo mama hakuliona kosa hilo kwa hofu aliyokuwa nayo.

Mwalimu alimpigia simu mwenye kituo. Yule bwana kwanza alikasirika, akadhani tumevunja tovuti yake. Kisha akasema neno ambalo kwangu ndilo kiini cha makala haya: "Lakini anwani ya faili lile haijui mtu yeyote. Sikuweka kiungo popote." Aliamini kwamba kitu kisichotangazwa kimefichwa, na kwamba kilichofichwa kimefungwa. Mambo haya matatu ni mbalimbali kabisa. Programu aliyoijengea tovuti ilikuwa imetengeneza yenyewe ramani ya kila kitu kilichomo, kwa ajili ya mashine za kutafuta, naye hakujua. Google ilipopita ilipewa ramani hiyo mlangoni.

Ziko njia nyingine za kitu kufunuliwa namna hii. Seva nyingine, ikiwa kabrasha halina ukurasa wa mbele, huandika yenyewe orodha ya mafaili yote yaliyomo na kumwonyesha kila apitaye. Mara nyingine mtu hutuma kiungo cha faili katika kundi la WhatsApp, mwingine akakibandika mahali pa wazi, basi imekwisha. Tena zipo kamera za ulinzi zilizounganishwa na intaneti na kuachwa na nywila ile ile ya kiwandani. Fikiri pia ofisi zinazowapandisha wageni mlimani, ambazo hapa Moshi ni nyingi. Kila mgeni hutuma nakala ya pasipoti yake. Nakala zile zote hukaa mahali fulani, na mahali hapo ama pana kufuli ama hapana.

Wengine husema liko faili dogo liitwalo robots.txt, ambalo mwenye tovuti huandika ndani yake, "Mashine za kutafuta zisiingie sehemu hii." Ni kweli lipo, utaratibu huo ulianzishwa na Martijn Koster mwaka 1994, na mashine zenye adabu huufuata. Lakini nitaulinganisha na masale. Kila mtu wa huku mlimani ayajua masale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba. Mtu mwungwana akiyaona masale hurudi nyuma, hahitaji kuambiwa. Mwizi je? Masale hayana miiba wala kufuli. Tena robots.txt ina ubaya mmoja ambao masale hayana, maana kila mtu aweza kulisoma, na mwenye nia mbaya akilisoma atajua ni sehemu ipi ambayo mwenyewe hapendi ionekane.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja, Johnny Long, alianza kukusanya maswali ya Google yanayofunua mafaili ya namna hii, naye akawapa wenye mafaili hayo jina la mzaha lenye maana ya mpumbavu aliyefunuliwa na Google. Mimi sipendi sana jina hilo, maana karani yule wa kituo hakuwa mpumbavu, alikuwa hajafundishwa. Lakini mkusanyo wake uliwazindua watu wengi wa ulinzi wa kompyuta. Yatupasa kujua pia kwamba bwana huyo baadaye alihamia Jinja, Uganda, pamoja na jamaa yake, akawa anafundisha watu kompyuta huko, jirani zetu kabisa.

Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilipatwa mwaka 2011. Faili la zamani lenye majina na namba za hifadhi ya jamii za watu 43,000 lilikuwa limekaa miaka mingi katika seva ya kuhamishia mafaili. Hakuna aliyeliona, kwa kuwa Google haikuwa ikisoma seva za aina hiyo. Septemba 2010 Google ikabadili desturi, ikaanza kuzisoma. Faili likaonekana katika utafutaji kwa muda wa miezi kumi hivi kabla ya kugunduliwa. Tazameni, watu wa Yale hawakulisogeza faili lile hata kidogo. Walilala likiwa limefichika, wakaamka likiwa wazi, kwa sababu mtu mwingine mbali amebadili kazi ya mashine yake. Kwangu mimi hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kufichika si ulinzi. Wala si majina peke yake. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki Mwirani mmoja kwamba mwaka 2013 aliingia katika mfumo wa bwawa dogo la Bowman, katika jimbo la New York, na magazeti ya huko yakaeleza kwamba aliligundua kwa maswali ya Google ya namna hii. Bahati njema mlango wa maji ulikuwa umetengwa na mfumo kwa matengenezo.

Na huku kwetu sheria zasemaje? Katiba yetu, ibara ya 16, humpa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake na mambo ya nyumbani kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo yamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Kwa hiyo mwenye kituo hawezi kusema, "Namba ni za wazazi, si zangu." Majirani zetu wa Kenya wametangulia kidogo. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Naona faini hiyo ni ya haki, ingawa wenzangu wawili niliobishana nao bwenini wasema ni kali mno kwa picha tu.

Upande wa pili iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nasema haya kwa sababu nilipowafundisha wenzangu amri zile nne, hazikupita siku mbili kabla mmoja hajanijia na mpango wa kutafuta mitihani iliyoachwa wazi mahali. Nilimjibu kwamba kuandika swali katika Google si kosa, hata mimi nimeandika. Lakini ukikuta ukurasa unaotaka nywila ukajaribu kuikisia, umekwisha kuvuka mpaka. Na ukikuta faili lisilo na kufuli lenye mambo ya watu, ukalipakua na kulisambaza, hutaweza kujitetea kwa kusema mlango ulikuwa wazi. Nyumba ya jirani ikiachwa wazi huingii kuchukua debe la mahindi. Alinijibu kwamba mahindi ni mahindi na faili ni faili. Tuliendelea kubishana mpaka kengele ya kulala.

Sasa nieleze tulivyoliondoa faili, maana wengi hudhani likifutwa mambo yamekwisha. Mwenye kituo alilifuta siku ile ile, naye alitushukuru mwishowe. Kesho yake tukatafuta tena. Jibu lilikuwa bado lipo! Ukibofya, faili halifunguki, lakini katika jibu lenyewe ilionekana mistari miwili ya maneno, na majina ndani yake. Kumbukeni nilivyosema juu ya faharasa. Ni kama mfongo. Mtu akiufunga kule juu kwenye kijito, maji yaliyokwisha kuingia huendelea kuteremka mpaka yaishe. Google hulifuta jibu inapopita tena na kukuta hakuna kitu, nayo yaweza kukawia. Lakini upo ukurasa wao wa kuomba jibu lililopitwa na wakati liondolewe upesi, na mwenye tovuti anayo njia yake ya kuomba. Siku ya kumi na moja tukatafuta tena, tukapata ukurasa mtupu.

Mpango bora ungekuwa tangu mwanzo faili lile lisiwekwe katika tovuti kabisa. Kama sharti liwekwe, liwe nyuma ya nywila. Kama ni katika hifadhi ya Google Drive, lifunguliwe kwa watu waliotajwa majina, si kwa kila mwenye kiungo. Na likizo ikiisha lifutwe, maana sioni kwa nini namba ya mama yangu ikae mahali mwaka mzima baada ya mimi kumaliza kusoma pale.

Fedha za mama hazikurudi. Alitoa habari polisi, nasi tukaituma namba ya yule mtu kwenda 15040, ambayo ndiyo namba ya kupelekea habari za matapeli wa simu. Jirani alilipwa kwa ndizi za mwezi uliofuata. Mama na mimi tumepatana neno moja la nyumbani, ambalo mwalimu yeyote akipiga simu juu yangu sharti alitaje kwanza, na neno hilo amepewa mwalimu wa malezi peke yake. Bila shaka mtaelewa kwa nini silitaji katika gazeti.

Mwalimu wa kompyuta ametukubalia tutumie chumba siku za Jumamosi, saa nane hadi saa kumi alasiri, kwa kila mwanafunzi atakaye kujitafuta. Aje na karatasi yenye majina yake matatu, na namba ya simu ya mzazi wake iliyoandikwa kwa namna zote mbili, ya sifuri na ya 255. Majina ya mtu mwingine hayatatafutwa. Mpaka leo tumekwisha kujitafuta wanafunzi thelathini na mmoja, na wanne wamejikuta mahali ambapo hawakujua kwamba wamo.